Nyumba ya watoto kwenye mwembe: mwongozo kamili wa kuijenga uani

Kosa linaloangusha vibanda vingi vya mtini ni kuuona mti kama nguzo. Nguzo ni mti uliokufa, haunenepi, hauyumbi, wala hauna jeraha la kuziba. Mwembe wa uani unafanya yote hayo. Ukiubana kwa waya utaumeza waya, au waya utaukaba ufe. Ukiupigilia misumari hamsini utakuwa umeutoboa matundu hamsini ya kupitishia maji na ukungu. Kwa hiyo mchoro wa hapa unautumia mti kwa matundu mawili tu, makubwa na yaliyotengana, na nusu ya uzito wote unabebwa na nguzo mbili za pembeni.

Vipimo: sakafu ya mita 2.4 kwa 2.4, kimo cha mita 1.8 kutoka ardhini. Inawatosha watoto sita au wanane kwa wakati mmoja. Baadhi ya wazazi hutaka mita tatu au nne ili ipendeze. Kwa mtoto wa miaka saba, mita 1.8 ni juu ya kutosha, na akianguka tofauti kati ya mita 1.8 na mita 3.5 ni kubwa mno.

Kuukagua mti

Shina liwe na mzunguko usiopungua sentimita 125 pale boriti itakapokaa. Huo ni upana wa sentimita 40 hivi. Pima kwa futi kamba au kwa kamba ya kawaida. Miembe ya kienyeji, dodo na bolibo za zamani, hufika hapo bila shida. Miembe ya kupandikizwa mara nyingi ni mifupi na matawi yake huanzia chini, haifai. Mkwaju na mfenesi mkubwa pia vinafaa. Mwarobaini unafaa kama shina ni nene na limenyooka.

Iache mingine hata ikionekana minene. Mnazi hauna gome la kuziba jeraha, na nazi huanguka. Mparachichi na mgrivilea matawi yake hukatika kwa upepo. Mkaratusi mkubwa huweza kuangusha tawi siku isiyo na upepo hata kidogo. Mbuyu ni mnene lakini mbao yake ni laini na imejaa maji, boliti haishiki.

Kisha ligonge shina kwa nyundo, kuanzia chini hadi juu kuliko utakapofika ujenzi. Sauti ikibadilika ikawa kama ya ngoma, ndani kuna uwazi. Tazama uyoga kwenye shina au juu ya mizizi. Uyoga ukionekana nje, uozo umeshakomaa ndani. Tazama pia penye panda. Panda yenye umbo la U ni imara. Ile yenye umbo la V iliyobana, gome likiwa limeingia katikati, ndiyo inayopasuka, na usijenge chini yake.

Mwembe una mambo yake mawili. La kwanza ni utomvu: unaunguza ngozi ya baadhi ya watu ikatoka malengelenge, hivyo vaa glavu na mikono mirefu unapotoboa na kupogoa. La pili ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wanasaidia kufukuza nzi wa matunda, lakini hawana urafiki na mtoto. Kama mti umejaa viota, chagua mwingine. Kunyunyizia dawa mahali watoto watakapochezea ni kubadilisha tatizo dogo kwa kubwa, na chungu hurudi.

Ondoa matawi makavu yote yaliyo juu ya eneo la ujenzi. Kata nje kidogo ya ule uvimbe ulio kwenye shina la tawi, usiukate uvimbe wenyewe, kwa sababu ndio unaoziba jeraha. Usipake rangi, oili wala samadi. Nyaya za umeme zikipita juu au karibu na matawi, hapo hapajengwi.

Vifaa

Vipimo vya mbao ni vya nchi (inchi) kama zinavyouzwa, urefu futi 12. Hesabu imepangwa ili mabaki ya kipande kimoja yawe kazi ya kingine, kwa hiyo usikate ovyo.

- 2x8: vipande 4 (boriti mbili, kila moja mbao mbili, mabaki ni vidato vya ngazi)
- 2x6: vipande 11 (7 vya kubeba sakafu, 2 vya kufungia ncha, 2 vya ngazi)
- 4x4: kipande 1 (mikono miwili ya mshazari)
- 1x6: vipande 22 (17 vya sakafu, 5 vya nyongeza ya fito za uzio, mabaki ya sakafu ni fito pia)
- 2x4: vipande 9 (reli 8 na vijiti 10 vya uzio), na 3 zaidi ukitaka paa
- Nguzo 2 za mkaratusi zilizotiwa dawa, unene sentimita 15, urefu mita 2.3
- Chuma chenye uzi mwili mzima, milimita 20, vipande 2 vya mita 1, nati 8 na washa 8 pana za milimita 75 au zaidi
- Boliti za milimita 12 urefu sentimita 18: 4. Boliti za milimita 10 urefu sentimita 12: 20
- Skrubu za milimita 65: 250. Skrubu za milimita 50: 260. Misumari ya nchi 4: kilo 2
- Saruji mfuko 1 wa kilo 50, mchanga, kokoto

Chochote cha chuma kiwe kimepakwa zinki. Pwani hili si hiari: upepo wa chumvi hula msumari wa kawaida, na kichwa chake hukatika kabla hujaona dalili yoyote nje.

Mbao za paini au saipresi zilizotiwa dawa zinatosha kwa boriti na mbao za sakafu. Zile zenye rangi ya kijani kibichi mara nyingi zimetiwa dawa yenye shaba, kromu na arseniki. Zinaua mchwa kweli, lakini viwanda vya Marekani viliacha kuzitengenezea matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003 kwa sababu ya hiyo arseniki. Zitumie kwa nguzo na kwa mbao za chini zisizoshikwa. Reli, fito na vishikio vya ngazi viwe mbao isiyo na dawa, iliyopigwa msasa na kupakwa vanishi au rangi isiyo na risasi. Vumbi la mbao zenye dawa usilivute, na mabaki yake yasiingie jikoni kama kuni.

Mbao nyingi za sokoni ni mbichi. Zipange kivulini juu ya vijiti, hewa ipite katikati, kwa wiki mbili au tatu. Ukizipigilia mbichi zitapinda zikiwa mahali pake.

Siku ya kwanza: nguzo

Anza na nguzo, si mti. Zege linahitaji siku saba kabla ya kubebeshwa chochote.

Chagua upande wa shina utakaokuwa nyuma ya nyumba. Kutoka usoni mwa shina pima mita 2 kwenda mbele. Huo ndio mstari wa nguzo. Nguzo ziwe mita 2 kutoka moja hadi nyingine, katikati ya mstari ikiwa mbele ya shina. Hakikisha pembe mraba kwa 3, 4, 5: pima sentimita 90 upande mmoja na 120 upande wa pili, mshazari utoke 150 kamili.

Chimba shimo upana sentimita 40, kina sentimita 80. Penye mchanga tupu, kama sehemu nyingi za pwani, ongeza kina kiwe sentimita 95 na nunua nguzo ndefu zaidi kwa kiasi hicho. Ukikuta mzizi mnene kuliko kiwiko cha mkono wa mtoto, usiukate, sogeza shimo. Tandaza kokoto sentimita 10 chini ili maji yasituame kwenye kitako cha nguzo, simamisha nguzo kwa timazi, kisha mimina zege la ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Mfuko mmoja unatosha mashimo yote mawili ya kina cha kawaida. Uso wa zege uinuke kidogo juu ya ardhi na uteremke kutoka kwenye nguzo. Zege lililobonyea katikati ni bakuli la maji, na nguzo itaozea hapo hapo.

Zege likishakomaa, nyoosha kamba yenye pima maji na ukate vichwa vya nguzo. Uso wa sakafu ni sentimita 180. Toa 2.5 za ubao wa sakafu, 15 za mbao zinazoubeba na 20 za boriti: boriti ikae sentimita 142 hivi kutoka ardhini. Lakini pima mbao zako kwanza. Mbao inayoitwa nchi 8 mara nyingi ni sentimita 19, na ya nchi 6 ni 14.

Chonga kiti kwenye kichwa cha nguzo ili boriti ikalie mbao. Ikiachwa ining'inie kwenye boliti, boliti hukata mbao polepole. Acha ulimi wa sentimita 5 au 6 nyuma ya kiti, pitisha boliti mbili za milimita 12 kupitia boriti na ulimi. Paka dawa ya mbao pale ulipokata, maana dawa ya kiwandani haifiki kwenye kiini, na mchwa hukitafuta kiini. Oili chafu ya gari, ambayo mafundi wengi huipenda, iachwe kabisa hapa: inachafua udongo na inashika mikononi.

Kuutoboa mti

Hapa ndipo pa kutulia. Mti hukua kwa urefu nchani mwa matawi tu, kwa hiyo tundu lililotobolewa kwenye kimo cha mita 1.4 litabaki mita 1.4 miaka yote. Kinachobadilika ni unene. Tabaka jembamba lililo chini ya gome ndilo linalosafirisha chakula na kutengeneza mbao mpya. Ukilikata kuuzunguka mti, kwa waya, mnyororo au kamba iliyofungwa kwa miaka, mti unakufa. Tundu moja nene linalopenya katikati linagusa eneo dogo la tabaka hilo, na mti hulizungushia ukuta wake. Matundu mengi yaliyokaribiana hugeuka jeraha moja kubwa na mbao iliyo katikati yake huoza. Ndiyo sababu vyuma viwili hapa vinatengana sentimita 80, na kile cha chini kinasogezwa sentimita 3 pembeni ili visiwe kwenye mshipa mmoja wa mbao.

Boriti ya nyuma ni mbao mbili za 2x8 za mita 2.4 zilizounganishwa kwa misumari kila sentimita 30, zigizagi. Katikati yake toboa tundu la milimita 22. Iegemeze shinani kwenye kimo sawasawa na boriti ya mbele, uhakikishe kwa kamba na pima maji, weka alama, iondoe. Toboa shina kwa biti ya milimita 20 hadi itokee upande wa pili. Biti ya kawaida haifiki. Fundi wa kuchomelea anaweza kuirefusha kwa nondo nyembamba. Toboa polepole, toa unga mara kwa mara, na mwenzako asimame pembeni akikwambia kama unapanda au unashuka.

Chubua gome kwa patasi mahali pa washa tu, duara la ukubwa wa washa, ikalie mbao. Washa ikikalia gome italiponda, gome litaoza na chuma kitalegea. Kati ya shina na boriti weka kipande cha bomba la chuma cha sentimita 3. Nafasi hiyo ndiyo akiba ya unene wa miaka ijayo. Acha chuma kitokeze sentimita 6 mbele ya nati, usikikate kwa ajili ya urembo. Siku mti utakaponenepa utailegeza nati kwenye uzi huo.

Chuma kimoja peke yake kinafanya boriti iwe bembea. Mikono miwili ya 4x4 ndiyo inayoituliza. Kila mkono ni mita 1.13 hivi, unashika boriti sentimita 80 kutoka katikati na kuteremka kwa nyuzi 45 hadi shinani. Chini inakutana kwenye kiatu cha chuma. Mpelekee fundi wa kuchomelea mchoro: bamba la milimita 10 lenye upana wa sentimita 15 na urefu wa 20, tundu la milimita 22 katikati, na mifuko miwili ya bamba la milimita 5 iliyokaa V, kila mmoja wa kuingiza mbao ya 4x4. Mifuko iwe na tundu chini, la sivyo maji yatajaa. Kiatu kinashikwa na kile chuma cha pili cha milimita 20, kimekazwa kwenye mbao ya shina, bila bomba la nafasi, kwa sababu hapa ndipo uzito mwingi unaposhuka. Ncha za juu za mikono zikatwe zikae bapa chini ya boriti, kisha zishikwe kwa vibamba vya chuma pande zote mbili na boliti.

Sakafu inayoteleza

Panga mbao saba za 2x6 za mita 2.4 kutoka boriti ya nyuma hadi ya mbele, nafasi sentimita 40 kutoka katikati hadi katikati. Mbele zitachomoza karibu sentimita 40 nje ya boriti. Nyuma zipigilie imara kwenye boriti, misumari ya mshazari pande mbili na kibamba cha chuma kila moja.

Mbele usipigilie. Mti unayumba, nguzo haziyumbi. Ukifunga ncha zote mbili, upepo wa kusi utakuwa unang'oa msumari mmoja kila msimu. Badala yake, kila mbao iwekewe vibao viwili vya kuiongoza, kimoja kila upande, vilivyopigiliwa kwenye boriti tu, na juu yake upite mkanda wa chuma bapa wenye nafasi ya milimita 5. Mbao iteleze mbele na nyuma, isiruke juu wala isiende pembeni. Ukisikia mlio mdogo wa kusuguana siku ya upepo, ndivyo inavyotakiwa.

Funga ncha za mbele na za nyuma kwa 2x6 mbili, weka vipande vya kukaza katikati ya mbao, kisha tandaza mbao za 1x6 kwa skrubu mbili kila makutano. Mbao kavu ziachiwe nafasi ya milimita 6. Zikiwa bado na unyevu zigusane, zitajiachia zenyewe zikikauka. Pasipo nafasi maji ya masika hukaa, na sakafu huoza kuanzia kwenye skrubu.

Uzio na ngazi

Uzio uwe sentimita 95 hadi 100 juu ya sakafu. Vijiti vya 2x4 vishikwe kwa boliti mbili za milimita 10 kila kimoja. Msumari unaoshika kijiti cha uzio hutoka siku watoto watatu watakapoegemea pamoja. Vijiti kumi: vinne kwenye pembe nne, vinne katikati ya pande, kimoja kila upande, na viwili mlangoni.

Fito ni wima. Fito za kulala ni ngazi ya kupandia uzio. Pasua mabaki ya 1x6 kwa urefu upate fito za sentimita 7, acha sentimita 8 kati yake. Zinahitajika karibu 60. Nafasi isizidi sentimita 9 popote. Hatari yake ni kwamba kiwiliwili cha mtoto hupita, kichwa hakipiti, naye hubaki ananing'inia kwa shingo. Sheria hiyo inahusu pia chini ya reli na kati ya shina na uzio.

Ngazi: mbao mbili za 2x6 za mita 2, kitako sentimita 70 kutoka ukingoni mwa sakafu. Vidato vitano vya 2x8, upana sentimita 55, kila sentimita 30. Chonga mfereji wa sentimita 1.5 kwenye mbao za pembeni, kidato kiingie humo ndipo ukaze skrubu. Kisibebwe na skrubu peke yake. Miguu ikae juu ya jiwe bapa au kigae cha zege, isiguse udongo wenye mchwa. Weka vishikio viwili vya wima mlangoni vinavyopanda sentimita 90 juu ya sakafu, maana mtoto huteleza pale anapohama kutoka ngazini kuingia ndani, mikono ikiwa haina pa kushika.

Vipande vya mbao vilivyopigiliwa shinani kama ngazi visahau. Vinazunguka mguu unapokanyaga, na kila kimoja ni jeraha. Kamba isiyofungwa ncha zote mbili nayo isiachwe hapo, inajifunga shingoni.

Paa, kama ni lazima

Mwembe wenyewe ni kivuli, na nyumba nyingi za aina hii hazihitaji paa. Ukilitaka, lifunike nusu moja ya sakafu, kushoto au kulia, lisiguse shina wala tawi. Nguzo nne za 2x4, mita 1.8 upande mmoja na 1.65 upande wa pili, zishikwe kwa boliti kwenye mbao za chini. Bati mbili za futi 10 zilizokatwa katikati zinatosha. Makali yaliyokatwa yafunikwe kwa ubao. Bati huwa jiko mchana na embe likidondoka juu yake ni kama bunduki. Makuti ni mepesi, yana ubaridi, ila hubadilishwa kila baada ya miaka michache na hayatakiwi karibu na moto. Kuta za mbao nzito ziache: zinaongeza uzito juu na kushika upepo kama tanga.

Chini ya nyumba

Ardhi iliyoshindiliwa ni ngumu karibu kama sakafu ya saruji. Tandaza vipande vya mbao visivyo na dawa au magome yaliyokatwakatwa, kina sentimita 30, hadi mita 1.8 kuzunguka pande zote. Mchanga unafaa kwa kiasi, lakini ukilowa hushikana, hivyo uchimbuliwe mara kwa mara. Zungushia matofali yaliyozikwa, yasichomoze. Usilirundike lundo hilo kwenye kitako cha mwembe. Gome likikaa kwenye unyevu huoza.

Ukaguzi

Kabla hujawaruhusu watoto, pandisha watu wazima wanne, wasimame kila mmoja pembe yake, kisha wakusanyike upande wa mbele. Tazama kiatu cha chuma na mikono wakati huo. Chuma kikijipinda au boriti ikizunguka, shuka urekebishe.

Baada ya hapo kagua mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake. Choma mbao kwa bisibisi karibu na kila chuma. Ikizama kwa urahisi, kipande hicho kibadilishwe. Tafuta njia za udongo za mchwa kwenye nguzo na miguu ya ngazi, na chini ya paa viota vya nyigu. Kaza boliti za uzio, lakini nati ya boriti shinani usiikaze. Ipime: nafasi ya sentimita 3 kati ya gome na boriti ikishuka hadi 1, ilegeze nati na kurefusha bomba la nafasi. Mti ukianza kuimeza washa ya nyuma uuache, hiyo ndiyo namna yake ya kushika. Radi ikianza kunguruma, watoto washuke waingie nyumbani, hata mvua ikiwa bado mbali.